Migomba ya Ngara Haitaokolewa na Miradi ya Miezi 18

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda kwa upande mmoja na Burundi kwa upande mwingine. Nyuma yake iko Wilaya ya Biharamulo, ambako huko Nyakanazi barabara itokayo Rusumo na Kabanga hukutana na barabara ya Kigoma na ile iendayo Kahama. Malori hupita njia hiyo usiku na mchana. Pamoja na malori hupita watu, mikungu ya ndizi, majani ya migomba yaliyofungia mizigo, na pingili za mihogo za kupanda. Na ndani ya vitu hivyo hupita magonjwa ya mimea, bila kelele na bila hati.

Hapana budi basi jambo hili lisemwe waziwazi. Ugonjwa wa mimea ukishavuka mpaka hauwezi kushindwa na nchi moja peke yake, hata nchi hiyo iwe na wataalamu hodari namna gani. Na utafiti wa kupambana nao, ukiendeshwa vipande vipande, kila nchi na daftari lake, kila mfadhili na mradi wake, ni sawa na watu watano wanaotaka kuzima moto wa nyumba moja huku kila mmoja amejifungia katika chumba chake.

Wapo watu wa mijini wanaodhani kwamba habari za afya ya mimea ni habari za maabara, zisizomhusu mwananchi wa kawaida. Hao wanakosea sana. Kwa mwenyeji wa Ngara, shamba la migomba ni urithi. Baba hulipanda, mwana hulitunza, mjukuu hulila. Humo hutoka chakula cha kila siku, pombe ya harusi na ya msiba, fedha ya ada na ya dawa, na majani makavu yanayotandazwa ardhini kuhifadhi udongo. Muhogo nao, hasa katika vijiji vya Biharamulo, ni ghala lisilo na mlango: hukaa ardhini ukiingoja siku ya njaa. Mgonjwa anapokuwa ni mgomba au muhogo, anayelala njaa ni mtu.

Mnyauko bakteria wa migomba ndio mfano ulio karibu zaidi. Mgomba ulioshikwa na ugonjwa huu hugeuka manjano na kulegea kama uliomwagiwa maji ya moto. Ndizi zake huiva kabla ya wakati, na zikikatwa huonekana zina madoa ya kahawia ndani. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya. Mkungu huo hauliki wala hauuziki.

Ugonjwa huu haukuwa mgeni katika vitabu vya wataalamu. Uliandikwa mwaka 1968 huko Ethiopia, ambako ulionekana kwenye ensete, mmea wa ukoo wa mgomba unaolisha mamilioni ya Waethiopia. Mwaka 1974 ukaandikwa tena huko huko, safari hiyo kwenye migomba yenyewe. Kisha miaka ikapita kimya. Mwaka 2001 ukathibitishwa Uganda, na karibu na wakati huo ukaonekana Kivu ya Kaskazini nchini Kongo. Mwaka 2005 ukajulikana Rwanda. Mwaka 2006 ukathibitishwa Tanzania, katika Wilaya ya Muleba, na baadaye ukasambaa katika wilaya nyingine za Kagera, Ngara na Biharamulo zikiwa miongoni mwake. Mwaka 2006 huo huo ukaingia Kenya. Mwaka 2010 zamu ikawa ya Burundi.

Msomaji na azihesabu tarehe hizo kwa makini. Tangu ugonjwa uandikwe Ethiopia hadi uingie Uganda ni miaka 33. Tangu Uganda hadi Muleba ni miaka 5, ingawa Kagera na Uganda hazitenganishwi na bahari wala jangwa. Tangu Uganda hadi Burundi ni miaka 9. Hiyo si kasi ya radi. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, tena mwenye mzigo kichwani. Adui aliyekwisha kujulikana jina, sura na tabia yake alitembea polepole kutoka nchi hadi nchi, na kila alipofika alipokewa kama mgeni asiyewahi kusikika. Je, huo ulikuwa upungufu wa sayansi? La. Ulikuwa upungufu wa mpango wa pamoja.

Hapa ndipo hujitokeza hoja nyepesi ya wale wanaosema kwamba dawa ni kufunga mpaka, na kwamba mwenye kosa ni kibarua wa Kirundi anayevuka na panga lake kuja kulima Ngara. Hoja hiyo ni ya uvivu, na tena inapingwa na tarehe zenyewe. Ugonjwa ulithibitishwa Tanzania mwaka 2006 na Burundi mwaka 2010. Ikiwa ni lazima kutafuta aliyemwambukiza mwenzake, Mrundi naye angekuwa na haki ya kunyoosha kidole kuelekea mashariki. Lakini kunyoosheana vidole hakujaponya mgomba hata mmoja. Panga la kibarua huambukiza sawasawa na panga la mwenye shamba, na nyuki anayetua juu ya ua la mgomba hana kijiji. Isitoshe, ukaguzi wa mpakani Rusumo na Kabanga, ingawa ni wa lazima, hukagua lori; haukagui chipukizi lililobebwa begani na shangazi anayevuka kwa njia ya miguu kwenda kumsalimu ndugu yake.

Lipo jambo jingine linaloonyesha faida ya utafiti usiojali mipaka. Mwanzoni wakulima waliambiwa wang'oe shina zima, yaani mgomba ulioonyesha dalili pamoja na migomba na machipukizi yote yaliyoota kutoka kisiki kile kile. Kazi hiyo ni nzito mno. Mama mjane mwenye ekari moja haiwezi peke yake, na hata anayeiweza, roho humuuma kuangamiza machipukizi yanayoonekana mabichi na yenye afya. Wengi hawakufanya, na ugonjwa ukaendelea. Baadaye watafiti waliofanya kazi Uganda na Kongo ya Mashariki waligundua kwamba bakteria hawaenei daima katika migomba yote ya shina moja. Hapo ndipo ulipotoka ushauri ulio mwepesi zaidi: ukatwe mgomba ule tu wenye dalili, usawa wa ardhi, kazi irudiwe kila dalili mpya inapotokea, panga lisafishwe kwa moto au kwa maji ya klorini kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotokeza, ili wadudu wasipate mahali pa kutua.

Elimu hiyo haikuzaliwa Ngara, lakini inamfaa mkulima wa Ngara kama ilivyomfaa wa Kivu. Lau kila nchi ingesubiri igundue yenyewe, mashamba mangapi zaidi yangeteketea? Wakati huo huo, elimu hiyo inataka kupimwa katika kila mazingira. Nyanda za juu sana zina wadudu wachache wa kueneza ugonjwa kupitia maua, na huko panga huwa ndilo adui mkuu. Mabondeni wadudu ni wengi, na ndizi za pombe za aina ya Pisang Awak huambukizwa kwa urahisi kupitia ua dume. Ngara ina vilima na mabonde pia. Na iwapo serikali moja itaamuru kung'oa shina zima, na jirani yake ikashauri kukata mgomba mmoja, mkulima mwenye ndugu ng'ambo zote mbili za mto Ruvubu amwamini nani? Mwishowe hatamwamini yeyote.

Habari za muhogo zina fundisho lile lile. Mwaka 1936, katika kituo cha Amani, milimani Usambara, mtafiti H. H. Storey aliandika habari za ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ugonjwa huo ni wa pwani na wa nchi za chini, na kwamba juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari mkulima hana haja ya kuuogopa sana. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda katika sehemu zilizo juu ya kimo hicho, kisha ukaenea katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Uso wa ziwa lenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Maana yake ni kwamba Biharamulo na Ngara, zilizo juu kuliko ziwa, zilinyang'anywa ngao iliyodhaniwa kuwa ya kudumu.

Batobato kali nayo ilianza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, ikafika Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza kwamba virusi vya aina mbili vilikuwa vimechanganya asili zao na kuzaa kirusi kipya kilicho kikali zaidi, kilichobebwa na inzi weupe na pingili zenye ugonjwa. Tazama ajabu hiyo: virusi viliweza kuungana upesi kuliko idara za utafiti za nchi zinazovipiga vita.

Hata hivyo historia haina aibu peke yake. Ina fahari pia. Huko Amani, Storey na wenzake walichanganya muhogo na mti wa mpira ulio wa ukoo wake, ili wapate muhogo unaostahimili magonjwa. Mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria, na aina iliyojulikana kwa namba 58308 ikawa chimbuko la mihogo stahimilivu iliyozalishwa Ibadan katika taasisi ya kimataifa ya IITA, iliyoanzishwa mwaka 1967. Batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda, miongoni mwa mihogo iliyowaokoa wakulima ilikuwamo ile iliyotoka Ibadan. Kwa hiyo uzao uliotoka Usambara ulikwenda Afrika Magharibi na kurudi Afrika Mashariki baada ya nusu karne, ukiwa na nguvu zaidi. Huo ndio ushirikiano wa utafiti. Si maneno ya mezani, ni chakula kilichofika chunguni.

Basi ni nini kilichotokea? Kazi ya Amani ilihamishiwa Muguga nchini Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu lililohudumia Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Muguga ikabaki ya Kenya, na taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa Arusha, ambayo nayo ilikuwa mali ya Jumuiya, ikabaki ya Tanzania. Vyombo viligawanywa kama ndugu wanavyogawana vyungu vya marehemu. Magonjwa hayakugawanyika. Na ni mkulima, ambaye hakualikwa katika kugawana huko, aliyelipa gharama yake.

Leo udhuru huo haupo tena. Mkataba wa kufufua Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Uganda, Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi, nchi zote 6 zilizopigwa na mnyauko katika eneo hili, sasa zimo chini ya paa moja. Ikiwa Jumuiya inaweza kuwa na ushuru wa forodha wa pamoja, haiwezi kushindwa kuwa na ulinzi wa pamoja wa kile kinacholiwa na watu wake.

Lakini kwa muda mrefu ulinzi huo umeachiwa miradi ya wafadhili. Kati ya mwaka 2006 na 2007 uliendeshwa mradi wa dharura uliojulikana kwa kifupi kama C3P, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, katika nchi hizo 6, dhidi ya batobato na mnyauko. Ulidumu miezi 18. Ukafuatwa na mradi wa mihogo wa Maziwa Makuu, GLCI, uliogharamiwa na mfuko wa Gates tangu 2007 hadi 2012. Haifai kuibeza kazi iliyofanywa na miradi hiyo. Ilisambaza pingili safi, ilifundisha watu, na iliwakutanisha watafiti waliokuwa hawafahamiani. Kosa si la aliyetoa msaada. Kosa ni la anayeugeuza msaada kuwa nguzo ya nyumba. Shamba la migomba huishi miongo mingi; mradi huishi miezi 18. Siku mradi unapofungwa, gari huondoka, mtaalamu hupangiwa kazi nyingine, takwimu huhamia katika kabati la ofisi ya mbali, na bakteria hubaki pale pale shambani. Mwaka 2025 USAID yenyewe ilifungwa kwa uamuzi uliofanywa Washington, ambako hakuna aliyepiga kura kutoka Rulenge wala Nyakahura. Hakuna ushahidi mwingine unaohitajika kwamba usalama wa chakula cha taifa hauwezi kutundikwa kwenye msumari wa mtu mwingine.

Wapo watakaojibu kwamba vyombo vya ushirikiano vipo tayari. Ni kweli. Upo Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea wa mwaka 1951, unaozitaka nchi kuarifiana magonjwa yanapozuka. Lipo shirika la ASARECA, lililoanzishwa mwaka 1994 na lenye makao Entebbe, kwa ajili ya kuunganisha utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki na ya Kati. Lakini chombo ambacho kimetegemea fedha za wageni kwa muda mrefu hutikisika kila mgeni anapobadili nia. Na mkataba ambao taarifa zake hukaa katika makao makuu bila kumfikia bwana shamba wa kata, kwa mkulima ni sawa na mkataba usiokuwapo. Ushirikiano haupimwi kwa wingi wa mikutano ya hotelini, wala kwa unene wa mafaili na posho za wajumbe. Hupimwa kwa swali moja: ugonjwa ukionekana Kirehe nchini Rwanda au Muyinga nchini Burundi, mkulima wa Ngara atajua baada ya siku ngapi?

Wapo pia watakaosema kwamba nchi hizi ni maskini, na kwamba utafiti ni anasa ya matajiri. Hoja hiyo inageuza mambo kichwa chini miguu juu. Tajiri anaweza kununua chakula mwaka ambao shamba lake limekufa, maskini hawezi. Kwa hiyo maskini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya utafiti. Na wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana huko Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti za nchi zao kwa ajili ya kilimo. Ahadi hiyo haikuandikwa na wafadhili. Iliandikwa na Waafrika wenyewe, na kutimizwa kwake hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Kinachotakiwa kinajulikana. Kwanza, Jumuiya iwe na daftari moja la tahadhari ya magonjwa ya mimea, ambalo kila nchi italazimika kuandika ndani yake mara ugonjwa unaposhukiwa, si baada ya miezi ya kuogopa kwamba biashara itaharibika. Anayeficha ugonjwa kwa kulinda soko huliua soko lenyewe.

Pili, vituo vya utafiti vigawane kazi badala ya kila kimoja kuanza alifu peke yake. Maruku hapa Kagera, Kawanda Uganda, na vituo vya Rwanda, Burundi na Kongo vina migomba ya aina moja na adui mmoja. Kutafuta mgomba wa kuliwa wenye ukinzani dhidi ya mnyauko, ukinzani ambao umeonekana katika mgomba-mwitu uitwao Musa balbisiana, ni kazi ya miaka mingi isiyofaa kukatizwa na kwisha kwa bajeti ya mtu.

Tatu, kazi hiyo igharamiwe na mfuko wa nchi zenyewe, hata kama ni mdogo, ili wafadhili wakija wakute mpango na kuusaidia, badala ya wao kuja na mpango na kuwakuta wenyeji wakingoja.

Nne, elimu itolewe kwa lugha inayosikika. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kipindi kimoja cha redio kinaweza kueleweka pande zote za mpaka. Ni ajabu kwamba watu wanaosikilizana sokoni bila mkalimani wafundishwe kwa vitabu vinavyopingana.

Tano, kila tarafa iwe na kitalu cha machipukizi na pingili safi kinachokaguliwa. Mkulima haombi miche ya ndugu yake kwa kupenda maradhi. Huiomba kwa sababu hana pengine pa kuipata.

Serikali imekwisha kuweka msingi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa sheria ya mwaka 2020. Lakini msingi si nyumba. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zina wajibu wa kuwawezesha mabwana shamba kufika vijijini, na serikali za vijiji zina wajibu wa kusimamia usafi wa mashamba, kwa sababu jirani mmoja anayeacha mgomba mgonjwa umesimama huwaangusha majirani wote waliofanya kazi yao.

Na muda hausubiri. Ugonjwa mwingine wa virusi, unaodumaza migomba na kuyasonganisha majani yake kileleni kama shada, na kuenezwa na vidukari, umekuwapo Kongo, Rwanda na Burundi tangu karne iliyopita. Sasa umeripotiwa pia katika Mkoa wa Kigoma, na barabara ya Kigoma huishia Nyakanazi. Wazee walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Safari hii hakuna atakayeweza kudai kwamba hakuambiwa. Jina la adui linajulikana, njia yake inajulikana, na nchi zinazopaswa kumzuia zimekaa meza moja. Zikishindwa kufanya kazi pamoja, mkulima wa Ngara na wa Biharamulo atakuwa na haki kamili ya kuuliza: Jumuiya hii ni ya nani?